Kama Ulivyochora

Karakana ya kitivo cha uhandisi ilikuwa na mashine nne za kukerezea vyuma, kekee mbili za kutobolea, majiliwa kumi na moja ya kubania vyuma na fundi mmoja. Jiliwa la kumi na mbili liliibwa, na mpaka leo hakuna ajuaye mwizi alilibebaje, maana lilikuwa limekazwa kwa bolti nne kwenye meza ya chuma, na meza yenyewe ilibaki. Fundi hakuibwa. Alikaa pale miaka ishirini na tisa.

Wanafunzi walimwita Nusumili. Ukimpelekea kipande cha chuma, hata kama umekipiga tupa mpaka vidole vimeota malengelenge, atakipima, atakunja uso, atakurudishia mkononi: "Bado nusu mili," yaani nusu milimita. Wenye utani walisema kwamba siku binti yake alipozaliwa, muuguzi alimkabidhi mtoto, naye akamtazama kutoka utosini mpaka kwenye unyayo, akasema bado nusu mili. Mwenyewe hakuucheka utani huo, lakini hakuukanusha.

Chuo kilijivunia kitu kimoja kuliko vingine vyote. Katika kila kijitabu cha kuwakaribisha wageni iliandikwa kwamba hapa uhandisi haufundishwi kwa chaki tu, unafundishwa kwa mikono. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kubuni mashine yake mwenyewe, aichore, itengenezwe karakanani, kisha aisimamishe ukumbini mbele ya watahini na ifanye kazi aliyoahidi. Na mashine zote zilifanya kazi. Mwaka jana zote, mwaka juzi zote, na miaka ya nyuma yake zote. Wageni walikuja na suti zao, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, wakapiga picha. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje vijana ambao wengine hawajawahi kufungua nati kwa spana wasikosee hata mara moja. Mikono ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya Nusumili.

Kanuni ya karakana ilikuwa hivi: mwanafunzi anachora, mwalimu wake anatia saini, fundi anakereza, mwanafunzi anakuja kuunganisha vipande. Saini ya mwalimu ilitiwa huku mwalimu akiongea na simu. Baada ya hapo mchoro ulishuka karakanani na makosa yake yote yakiwa salama. Kijana mmoja, wakati fundi angali mgeni pale, alichora sanduku la chuma lililochomelewa pande zote sita, na ndani yake bolti ya kukazwa mwisho kabisa. Nusumili alimwuliza, "Hii nati nitaikaza nikiwa wapi? Nifungiwe humo ndani na spana?" Kijana akatoa daftari, akaliandika swali. Yule mwaka huu ni mhandisi wa madaraja.

Lakini kosa kuu, lililokuja kila mwaka bila kukosa, lilikuwa la kona. Shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, pale zinapokutana panakuwa na bega. Ukilikata bega hilo likawa na kona kali, shafti inapozunguka na mzigo, ufa unaanzia hapohapo, na siku moja inakatika ghafla bila kukuaga. Ukiacha mviringo mdogo kwenye kona, hata kama ni mdogo kama ukucha wa mtoto, shafti inadumu. Ni jambo la kurasa za mwanzo katika vitabu vyao. Walilisoma, wakafaulu mtihani wake, kisha wakachora kona kali.

Mwaka wake wa kwanza kazini Nusumili alisema. Alimwambia mwanafunzi mmoja kwa upole kwamba shafti hii itakatika. Mwanafunzi akaenda kumwita mwalimu wake, na mwalimu akashuka na koti lake jeupe lisilo na doa, akasimama katikati ya karakana ambapo kila mtu alisikia. "Fundi, wewe kereza," akasema. "Kufikiri kuna watu wake."

Nusumili alilimeza neno hilo na halikushuka mpaka leo. Alikereza. Ila aliacha mviringo kwenye kona, akaongeza unene milimita tatu, na mashine ikafanya kazi, na mwalimu akapongezwa. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu kitu juu ya mchoro wake. Mchoro ukija na kosa, anaurekebisha kimyakimya kwenye chuma, anaurudisha kwenye faili ukiwa na kosa lake vilevile. Mwanzoni alifanya kwa hasira, apate kuwacheka moyoni. Baadaye akawa anawahurumia, maana walikuwa watoto wa watu, wametoka mbali, na wazazi wao wanawangoja. Mwishowe ikawa mazoea tu, mikono inafanya kabla kichwa hakijaamua.

Mkuu wa idara wa sasa alikuwa mmoja wao. Pampu yake ya maji ya mwaka wa mwisho ilikuwa kwenye kabati la kioo ukumbini, na kibao cha shaba chini yake. Nusumili alipokuwa akipita pale asubuhi, aliitazama kwa jicho la pembeni. Katika vipande tisa vya pampu ile, viwili ndivyo vilivyolingana na mchoro, na kimoja kati ya hivyo ni mpini.

Basi binti yake akachaguliwa kusoma pale pale, uhandisi wa mitambo.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikua akifagia chenga za chuma sakafuni likizoni, na alijua jina la kila kifaa kabla hajajua kuandika lake. Siku ya kwanza alipoingia karakanani akiwa mwanafunzi, alipaza sauti kutoka mlangoni, "Baba, shikamoo!" na darasa zima likageuka.

"Marahaba," Nusumili akajibu, kisha akamvuta pembeni. "Sikiliza mama. Nyumbani mimi ni baba yako. Huku niite fundi kama wenzio."

"Sawa, baba," akasema, akaenda zake.

Hakumwita fundi hata siku moja. Kila akikumbushwa alijibu sawa baba, na Nusumili alinung'unika, na kusema kweli alikuwa anafurahi mpaka masikio yanawaka moto.

Mama yake alipooza upande mmoja binti akiwa mwaka wa pili. Miaka miwili kasoro kidogo baba na mwana walimwinua kitandani kwa shuka, asubuhi na jioni, mmoja huku na mwingine kule, wakihesabu moja, mbili, tatu. Siku moja walihesabu vibaya. Mkono wake usio na hisia ulikuwa umenasa kwenye chuma cha pembeni mwa kitanda, wao wakavuta bila kujua, na mama, ambaye hakuhisi kitu, aliwatazama tu wakati mfupa ulipolia. Baada ya miezi minne akafariki, si kwa mkono, kwa ule ugonjwa wenyewe. Lakini hawa wawili kila mmoja aliibeba sauti ile kivyake na hawakuwahi kuizungumza.

Ndiyo maana ulipofika mwaka wa mwisho, na wenzake wakichora mashine za kufyatua matofali na mashine za kukata majani, binti alichora kinyanyuzi cha mgonjwa: nguzo, mkono wa chuma, turubai la kumlaza mtu, waya, na ngoma ya kuvingirishia waya inayozungushwa kwa mpini. Mtu mmoja peke yake aweze kumwinua mgonjwa bila kuhesabu na mtu. Kiwanda kimoja cha vifaa vya hospitali kiliona karatasi zake na kikamwahidi nafasi ya kazi, endapo mradi wake utapita. Barua ya ahadi ilibandikwa jikoni, juu ya jiko, na Nusumili aliisoma kila alipochemsha maji.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Yalisemwa kwenye ngazi, yalisemwa kwenye foleni ya maktaba. Huyo atafeli wapi, baba yake si ndiye anayetengeneza? Yalimfikia Nusumili kupitia mlinzi wa lango, aliyekuwa na kipaji cha kukuletea kila neno bila kupunguza herufi.

Yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli kwa wote isipokuwa huyu mmoja ambaye yalisemwa juu yake. Akaapa moyoni kwamba mashine ya mwanawe hataigusa. Ataikereza kama ilivyochorwa, mstari kwa mstari. Angalau mashine moja katika jengo lile iwe ya mwenyewe. Aliona ni heshima kubwa kuliko zote anazoweza kumpa mtoto wake, na akajivuna nayo kama mtu aliyenunua zawadi na kuificha.

Mchoro wa shafti ya ngoma ulishuka karakanani siku ya Jumanne, na saini ya mwalimu ikiwa chini. Binti mwenyewe aliuleta. Kabla hajamaliza kuukunjua mezani, Nusumili alikuwa ameshaona. Ishirini na tano upande huu, kumi na tano upande ule, na katikati bega la kona kali.

Akangoja. Labda ataliona mwenyewe. Binti akautazama mchoro wake, akalamba mdomo, akauliza, "Baba, iko sawa lakini?"

Karakana ilikuwa na wanafunzi sita asubuhi hiyo, na wote sita walikuwa wameacha kupiga tupa wasikie atasema nini. Nusumili akachukua kitambaa, akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Nitaikereza kama ulivyochora," akasema.

Akaikereza. Ilibidi aichonge upya ncha ya kisu cha mashine, maana visu vyake vyote kwa miaka na miaka vilikuwa na mviringo; hakuwa na hata kimoja cha kukata kona kali namna ile. Alikinoa robo saa nzima kwenye jiwe. Kona ilitoka safi, kali, inaweza kukukata kidole. Ilikuwa kazi sahihi kuliko zote alizowahi kufanya pale.

Zikapita siku kumi na tisa. Kila siku binti alikuja kuunganisha mashine yake, akiimba chinichini, na kila siku Nusumili alijiambia leo ataona. Akiishika shafti ile, akipitisha kidole kwenye bega, ataona. Siku mbili za mwisho alitaka kusema. Alifungua mdomo kabisa. Lakini mtu aliyenyamaza miaka ishirini na saba hasemi kirahisi, kilichotoka ni, "Umeshakula?" Binti akasema ameshakula.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mashine ishirini na tatu, kila moja na mchoro wake umebandikwa ukutani nyuma yake, na mwenye mashine amesimama pembeni na nguo za kuazima. Ya kufyatua matofali ilifyatua. Ya kukata majani ilikata. Nusumili alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali anapokaa kila mwaka, endapo mtu atahitaji spana.

Kinyanyuzi kilitakiwa kiinue mfuko wa mchanga wa kilo themanini mara kumi. Mtahini wa nje, mzee mwenye miwani ya kamba, aliisifia fikra yenyewe kabla ya kuanza. Alisema amemuuguza mama yake, anajua. Binti akashika mpini. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti pamoja naye. Ya sita. Ya saba. Nusumili alikuwa amefumba macho.

Ya nane ilisema ta! Mlio mfupi, mkavu, na Nusumili na binti yake peke yao ndio waliowahi kusikia mlio uliofanana na huo. Mfuko ukaanguka, ukapasuka, mchanga ukamwagikia viatu vya watahini. Mtahini akainama, akaokota kipande cha shafti, akakitazama pale kilipokatikia. Hakuwa mkali. Alimwonyesha binti kona kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi, akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda kwenye mashine inayofuata.

Kanuni ilikuwa wazi: mashine isiyofanya kazi, mradi umefeli, na mradi haurudiwi mpaka mwaka mwingine.

Binti hakulia. Wenzake walipokwenda kupiga picha, alichukua kalipa ya kupimia unene mezani, akaanza na mashine ya jirani yake. Akapima shafti, akasoma mchoro ukutani, akapima tena. Akapitisha kidole kwenye bega. Akahamia ya pili. Alizunguka ukumbi mzima, mashine ishirini na mbili, kidole kwenye kona na jicho ukutani, na Nusumili kutoka kwenye kiti chake alimfuata kwa macho, akitamani sakafu ipasuke. Alipomaliza alikwenda kwenye kabati la kioo la pampu ya mkuu wa idara. Kabati halikuwa na kufuli. Akalifungua, akaingiza kidole, akalifunga.

Jioni ile alimkuta baba yake jikoni, amekaa mbele ya sufuria isiyo na moto.

"Uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Lini?"

"Hujamaliza hata kuikunjua karatasi."

"Nikakuuliza iko sawa."

"Nikakwambia nitaikereza kama ulivyochora."

"Ulinijibu kama wakili, baba."

Nusumili akajaribu kueleza. Alisema juu ya maneno ya watu, juu ya mlinzi wa lango, juu ya mwalimu wa koti jeupe. Alisema alitaka iwe yake kweli, si ya fundi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Ya kwangu ndiyo iliyoanguka," akasema. "Za wenzangu zote ni zako, na zimesimama. Kwa hiyo mwaka huu mzima darasa letu mimi peke yangu ndiye niliyefanya mtihani."

"Mwanangu, kama ningeigusa..."

"Nani alikwambia uiguse? Ungeniambia! Neno moja. 'Mama, angalia hii kona.' Ningeichora upya mwenyewe, kwa mkono wangu, na bado ingekuwa yangu. Mwalimu akimwambia mwanafunzi umekosea, si ndiyo kufundisha? Wewe ulikuwa unajua kuliko wote mle ndani, na hujamfundisha hata mtu mmoja."

Ilikuwa kweli, na Nusumili hakuwahi kuiona. Kwa miaka yote hiyo alijua mambo mawili tu, kurekebisha kimya au kunyamaza kimya, na la tatu, la kufungua mdomo, walimkataza mara moja tu naye akatii maisha yake yote. Binti alibandua barua ya kiwanda juu ya jiko, akaikunja, akaenda nayo chumbani. Kiwanda kilisubiri wiki mbili kikamchukua mwingine, yule wa mashine ya majani.

Asubuhi ya Jumatatu Nusumili alivaa shati la kanisani na misibani, akapanda ghorofa ya tatu kwa mkuu wa idara. Hakuwahi kuitwa huko ila siku za kutengeneza kitasa. Alisema yote bila kukaa. Alisema mashine zote zilizopita zilirekebishwa na yeye, kwamba binti yake hakufeli kuliko wenzake, alifeli kwa haki na wenzake walifaulu kwa hila. "Kama huamini, chukua kalipa upime. Hata ile pampu."

Mkuu wa idara alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu. Akakiacha.

"Mzee wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "unadhani hatujui?"

Nusumili akashika mgongo wa kiti.

"Kila mtu anajua. Walimu wanajua. Unadhani kwa nini hawaisomi michoro? Wanajua Nusumili yupo. Wewe ndiye nguzo ya idara hii, na nimelisema hilo hata kwenye vikao."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na mzee akakihisi kikikaa kichwani.

"Sasa unataka nifute matokeo ya watu ishirini na wawili? Na ya miaka iliyopita? Kwa sababu ya binti mmoja ambaye mchoro wake, samahani, ulikuwa na kosa? Kosa ni kosa, mzee. Kuna kitu kimoja tu sijakielewa." Akaegemea mbele, na kweli uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa. "Ulikuwa unatufanyia sisi wote, watoto wa watu. Wa kwako ilikuwaje?"

Alishuka ghorofa tatu akishikilia ukuta. Pale chini, kwenye kabati la kioo, mfanyakazi wa usafi alikuwa akifuta alama ya kidole.

Binti alirudia mwaka. Walikaa nyumba moja, wakapika kwenye jiko moja, wakasemezana mambo ya chumvi na funguo. Karakanani alikuja kama wengine, akangoja zamu yake kama wengine. Hakumwita baba. Hakumwita chochote, alianza maneno katikati, "Naomba hiki," "Kitakuwa tayari lini?" Na hakuleta tena mchoro mzima. Alileta karatasi moja ya kipande kimoja, kinatengenezwa, anakipima kwa kalipa yake mwenyewe aliyoitoa mkobani, anakwenda nacho, kesho analeta karatasi nyingine. Kinyanyuzi kizima kinafananaje sasa, baba yake hakujua. Shafti ilipokuja ilikuwa nene na ina mviringo kwenye bega, umechorwa na kuandikwa kipimo. Nusumili aliikereza. Alitaka kusema ni nzuri. Alisema itakuwa tayari Alhamisi.

Zikiwa zimebaki wiki tatu akaleta karatasi ya pini. Kitu kidogo, urefu wa kidole cha kati. Shaba, unene milimita tano, na katikati mfereji umezunguka, mkali, unaoipunguza mpaka tatu. Akaiweka mezani, akasema anaihitaji kesho, akatoka.

Nusumili akaiangalia karatasi ile. Tatu! Ya shaba! Na mfereji mkali! Hii haitafika hata mara ya pili. Mtoto huyu ameshajua ya shafti na sasa anakuja kufa kwenye kitu cha kidole. Alitazama mlangoni, binti alikuwa ameshafika mbali. Angeweza kumwita. Angeweza kumfuata, angeweza kumngoja nyumbani. Alifikiria uso wake kule jikoni, akafikiria ukumbi, na akafanya anachokijua. Akachukua chuma badala ya shaba. Akaikereza milimita saba, laini, bila mfereji. Alifanya kazi ile polepole na kwa mapenzi, na mchana ule wote alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Safari hii hakumwacha. Hata asipojua kamwe, hakumwacha.

Kesho yake asubuhi akamkabidhi. Binti hakuhitaji hata kalipa, lakini aliitoa, akapima, akamsomea.

"Saba. Na hii ni chuma. Hii si niliyochora."

Wanafunzi waliacha kupiga tupa, kama mwaka uliopita.

"Ingekatika, mwanangu," Nusumili akasema kwa sauti ya chini.

"Inatakiwa ikatike."

Hakuelewa. Binti akachukua chaki, akachora juu ya meza ya chuma, haraka haraka: mpini huku, ngoma kule, na katikati ile pini.

"Ngoma inashikwa na meno yake, haiwezi kurudi nyuma. Pini iko upande wa mpini. Mgonjwa mkono ukinasa kwenye chuma cha kitanda, na anayezungusha hajaona, pini inakatika kabla ya mkono. Mpini unazunguka bure, mgonjwa anabaki pale alipo, haanguki, haumii. Nimepiga hesabu zake miezi mitano." Akaiweka pini ya chuma mezani, juu ya mchoro wa chaki. "Ukiweka hii, kitakachokatika ni mkono."

Nusumili alikuwa akiitazama chaki. Alisikia tena ule mlio wa kitandani, na akajua kwamba muda wote huo, nyumba nzima ikiwa kimya, binti naye alikuwa akiusikia, na ameutengenezea dawa, na yeye ameing'oa kwa mikono yake siku moja kabla.

"Ungeuliza tu," binti akasema. Hasira haikuwepo, na hilo ndilo lililouma. Akakunjua karatasi ya pini, akaibana chini ya kona ya jiliwa isipeperuke. "Naomba urudie, fundi. Kama nilivyochora."

Akatafuta kipande cha shaba. Akanoa kisu kikali, akakereza tano, akakata mfereji mpaka tatu, na binti alisimama pembeni ya mashine muda wote, kalipa mkononi. Ilipotoka aliipima mara mbili, akaifunga kwenye kitambaa, akasema asante fundi, akaenda zake.

Miaka minne mizima Nusumili alikuwa akimwomba amwite hivyo.